Kopo la maziwa au nauli ya dawa? Mazungumzo mbele ya mkutano wa wanachama, Manika

Aksanti kwa kunipa nafasi kabla ya likelemba, maana najua likelemba ikiisha kila mtu anakumbuka kwamba ameacha sufuria motoni.

Kwenye karatasi ya leo kuna ombi moja: mfuko wetu wa kusaidiana ununue kila mwezi maziwa ya kopo kwa bamama wetu wanaoishi na virusi vya sida, ili wasiwanyonyeshe watoto wao. Ombi limetoka kwenye roho nzuri. Waliolileta wameona watoto wakifa, nami sina neno baya juu yao. Komite imeniomba niseme kabla ya kura kwa sababu kazi yangu ya kila siku ni kuwafuata bamama hao, nyumbani na kwenye santre za afya.

Nitatoa jibu langu sasa hivi, halafu nitaeleza. Tusinunue makopo, ila kwa watoto wachache ambao nitawataja mbele. Feza hiyo itumike ili mama apate dawa yake kila siku bila kukosa, na amnyonyeshe mtoto wake bila woga. Katika Manika yetu ya leo, hiyo ndiyo njia inayookoa watoto wengi zaidi.

Kila mmoja amerudi na sheria yake

Sisi ni chama cha waliorudi. Kuna aliyetoka Meheba, kule Zambia upande wa Solwezi, kambi iliyofunguliwa mwaka 1971. Kuna aliyetoka Angola. Wengine walikuwa Lusaka, wengine Afrika Kusini. Kila mmoja alirudi na mizigo yake, na ndani ya mizigo kulikuwa pia na mashauri ya waganga wa kule alikokuwa.

Naingia nyumba moja, kambo ananiambia: «Mama mwenye ile ugonjwa, asinyonyeshe hata siku moja.» Nyumba ya pili wananiambia: «Anyonyeshe miezi sita, kisha akate mara moja.» Nyumba ya tatu: «Achague mwenyewe, lakini asichanganye.» Na mahali pengine shangazi anacheka: «Miye nilinyonyesha batoto saba, bote beko bazima, munatafuta nini?»

Hakuna anayedanganya hapo. Kila mmoja anasema neno aliloambiwa kweli, mahali fulani, mwaka fulani. Shida ni kwamba mashauri yalibadilika, tena zaidi ya mara moja, na mtu aliyefunga mizigo akavuka mpaka hakuna aliyemfuata kumwambia. Basi naomba tupite pamoja katika ile miaka, ili kila mmoja aone sheria yake ilizaliwa lini, na kwa nini leo imepitwa.

Mwaka 1985 waganga wa Australia walieleza habari ya mama aliyeongezewa damu yenye virusi baada ya kuzaa, na mtoto wake akaambukizwa kwa kunyonya. Tangu hapo ikajulikana kwamba virusi hupita pia katika maziwa. Wakati huo hakukuwa na dawa ya kumlinda mtoto. Bila dawa yoyote, katika watoto 100 wa bamama wenye virusi, kati ya 15 na 45 huambukizwa, ukihesabu mimba, kuzaa na kunyonya kwa pamoja. Kwa hiyo aliyesema «asinyonyeshe» wakati ule alikuwa na sababu.

Lakini kule Nairobi walifanya jaribio, kuanzia mwaka 1992 mpaka 1998. Aliyeongoza kuandika habari zake alikuwa muganga wa watoto, Ruth Nduati. Bamama 425 wenye virusi waligawanywa kwa kura: wengine wanyonyeshe, wengine watumie maziwa ya kopo. Waliochaguliwa walikuwa wenye maji safi ya mji. Baada ya miaka miwili, walioambukizwa katika kundi la kunyonya walikuwa 36.7 kwa 100, na katika kundi la kopo 20.5 kwa 100. Mtu akiishia hapo atasema: tununue makopo! Tafadhali tusome na mstari unaofuata. Waliokufa walikuwa 24.4 kwa 100 katika kundi la kunyonya, na 20 kwa 100 katika kundi la kopo. Waliohesabu walisema tofauti hiyo ni ndogo, haitoshi kusema kwamba kundi moja lilipona kuliko lingine. Kopo lilipunguza virusi, lakini kuhara na homa ya mapafu vilikuwa vikingoja upande wa pili.

Mwaka 1997 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalisema kila mama aelezwe hatari zote mbili, kisha achague mwenyewe. Hiyo ndiyo ile «achague mwenyewe» ya nyumba ya tatu. Mwaka 1999 watafiti wa Durban, Afrika Kusini, walitoa habari ya bamama 549. Kwenye miezi mitatu, watoto walionyonya tu, bila maji wala kitu kingine, walioambukizwa walikuwa 14.6 kwa 100. Waliochanganyiwa maziwa ya mama na vitu vingine walikuwa 24.1 kwa 100. Hapo ndipo lilipotoka neno «asichanganye».

Na ile «akate mara moja»? Tuvuke hapa karibu, Lusaka. Kuanzia mwaka 2001 waliwafuata bamama 958. Nusu waliambiwa wanyonyeshe miezi minne kisha waache ghafla. Nusu waliachwa waendelee kadiri walivyotaka. Waganga walidhani wale walioacha mapema watawaokoa watoto wengi. Matokeo yalitoka mwaka 2008. Kati ya watoto waliokuwa hawajaambukizwa kwenye miezi minne, waliofika miaka miwili wakiwa hai na bila virusi walikuwa karibu sawa katika makundi yote mawili. Na kwa watoto waliokuwa wameshaambukizwa, kuachishwa mapema kulikuwa hukumu: walikufa 73.6 kwa 100, dhidi ya 54.8 kwa wale walioendelea kunyonya.

Botswana nayo ilikuwa nchi yenye mali, na serikali iligawa maziwa ya kopo bure kwa bamama wenye virusi. Mwanzoni mwa 2006, baada ya mvua kubwa, ukaja ugonjwa wa kuhara. Watoto wengi walilazwa, wengi wakafa. Waliokwenda kuchunguza walikuta kwamba karibu wote waliolazwa walikuwa watoto wasionyonya. Maziwa yalikuwepo, tena ya bure. Mtoto aliuawa na maji.

Kilichobadilisha yote ni dawa

Sasa tunafika kwenye neno kubwa. Zamani mama alikuwa amesimama kati ya hatari mbili, virusi huku na kuhara kule, na mganga alimwambia achague. Dawa imeiondoa karibu kabisa ile hatari ya kwanza.

Inafanya kazi namna gani? Mama akimeza kidonge chake kila siku, virusi vinashindwa kuzaana katika damu yake. Baada ya miezi michache vinapungua mpaka mashine haivioni. Vikipungua katika damu, vinapungua na katika maziwa. Mtoto naye, tangu siku ya kuzaliwa, anapewa dawa ya maji ya kumlinda kwa majuma sita, na muganga anaweza kuirefusha kama mama alichelewa kuanza dawa.

Jaribio kubwa la kuhakikisha lilifanyika Afrika Kusini, Malawi, Uganda, Tanzania, Zambia, Zimbabwe na India, na habari zake zilitoka mwaka 2018. Walikuwa zaidi ya bamama 2,400 pamoja na watoto wao. Katika kundi moja mama alimeza dawa, katika lingine mtoto ndiye aliyepewa dawa wakati wote wa kunyonya. Kwa makundi yote mawili, walioambukizwa kwa kunyonya mpaka miezi sita walikuwa 0.3 kwa 100, na mpaka mwaka mmoja 0.6 kwa 100. Tuseme kwa lugha ya sokoni: watoto 1,000 wakinyonya mwaka mzima, sita wanaambukizwa. Naomba tuwe wakweli, sita si sifuri. Lakini mkumbuke Nairobi tulianzia wapi.

Kwa sababu ya dawa, tayari mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani liliachana na maneno ya «kila mama achague peke yake» na kuziambia nchi zichague njia moja na kuisimamia. Mwaka 2016, pamoja na UNICEF, likasema wazi: mama aliye kwenye dawa anyonyeshe angalau miezi 12, na anaweza kuendelea mpaka miezi 24 au zaidi, sawa na bamama wengine, mradi asaidiwe kumeza dawa yake vizuri.

Najua kuna atakayeuliza: «Dada yangu iko Ulaya, yeye walimukataza. Sisi maskini njo tunaambiwa tunyonyeshe?» Ni swali la haki. Kule maji ya bomba unakunywa bila kuchemsha, umeme haukatiki, na kopo liko dukani siku zote. Hatari ya kuhara ni ndogo sana, kwa hiyo ile hatari ndogo ya virusi ndiyo waliyoitazama. Lakini hata kule wameanza kubadilika. Mwaka 2023 mashauri ya Marekani yalisema mama aliye kwenye dawa, ambaye virusi vyake havionekani, akitaka kunyonyesha, muganga akae naye waamue pamoja, asimkataze kwa nguvu. Kwa hiyo hakuna aliyetutupia mabaki.

Tupige hesabu ya kopo

Mtoto asiyenyonya anahitaji kama kilo 20 za maziwa ya unga katika miezi sita ya kwanza. Ni kama makopo 40 ya gramu 500. Kila mmoja aende akaulize bei pale anaponunua vitu vyake, azidishe kwa 40, kisha aangalie mchango tunaotoa kila mwezi hapa. Hapo bado hujahesabu makala ya kuchemshia maji, wala sabuni. Mtoto mchanga anakula kama mara nane mchana na usiku. Nani ataamka saa nane za usiku awashe mbabula, achemshe maji, aoshe kikombe, apime unga sawasawa?

Na maji yenyewe tunayajua. Bomba halifiki kila avenyu, na pale linapofika kuna siku linakauka. Watu wanachota visimani, na visima vingine viko karibu na vyoo. Maji yaliyopita kwenye machimbo, hata ukiyachemsha, madini hayatoki.

Shirika la Afya Duniani linaweka masharti sita kabla mama mwenye virusi hajapewa shauri la kopo. Niyageuze yawe maswali, kila mtu ajibu ndani ya roho yake. Je, nyumba na mtaa una maji safi na choo kizuri? Je, unaweza kupata maziwa ya kutosha, bila kukatika, mtoto akue vizuri? Je, unaweza kuyatengeneza kwa usafi, kila mara anapohitaji? Je, utampa hayo tu, bila kunyonyesha, miezi sita yote? Je, jamaa ya nyumbani inakubali? Je, santre ya afya inayomfuata mtoto iko karibu? Kama jibu moja ni hapana, kopo linakuwa hatari. Wangapi hapa Manika watajibu ndiyo mara sita?

Kuna jambo lingine ambalo hesabu haionyeshi. Hapa kwetu mama anayenyonyesha haulizwi kitu na mtu. Mama asiyenyonyesha anaulizwa na kila mtu, kuanzia wifi mpaka jirani anayekuja kuomba chumvi. Siku tutakapopeleka makopo ya chama kwenye nyumba fulani, tutakuwa tumeandika ugonjwa wake kwenye mlango. Mama akiogopa midomo atafanya nini? Mbele ya watu atanyonyesha, usiku atatoa kopo. Huko ndiko kuchanganya, na tulikwisha kuona Durban kuchanganya kulileta nini.

Miezi sita ya kwanza, na baada yake

Kwa hiyo shauri ninalotoa kwenye nyumba zetu ni hili. Tangu saa ya kwanza baada ya kuzaliwa mpaka miezi sita, mtoto anyonye tu. Hapana maji, hapana maji ya sukari, hapana uji, hapana dawa ya mizizi ya tumbo. Dawa za muganga na chanjo hazimo katika hayo, anapewa.

Najua kambo atasema: «Kolwezi jua ni kali, mutoto anasikia kiu.» Kambo, kwa heshima yote, sehemu kubwa ya maziwa ya mama ni maji. Mtoto akisikia kiu, mwekee titi. Waganga wanaeleza kwamba tumbo la mtoto mchanga ni laini. Maji machafu na uji vinaweza kulichubua ndani, na hapo kuhara kunapata mlango, virusi navyo vinapata mlango.

Na kama jana shangazi alimpa mtoto kijiko cha maji mama akiwa sokoni? Mama asiseme «basi nimeharibu, niache kunyonyesha». Hapana. Anameza dawa, aendelee kunyonyesha. Kosa la kijiko linarekebishwa, kuacha ghafla hakurekebishiki kirahisi.

Titi likivimba au chuchu ikipasuka, aende santre mapema. Wakati anatibiwa, titi lenye kidonda alikamue na kumwaga yale maziwa, mtoto anyonye upande ulio mzima. Mama anayekwenda kuosha mawe au kuuza sokoni anaweza kukamua maziwa kwenye kikombe safi chenye kifuniko, mtoto akanyweshwa kwa kikombe yeye akiwa hayupo. Kikombe kinaosheka kuliko chupa ya chuchu.

Baada ya miezi sita mtoto anaendelea kunyonya na kuongezewa chakula: uji mzito wa mahindi na soya au karanga iliyosagwa, ndagala iliyopondwa, yai, sombe laini, matunda. Kuacha kunyonya kufanyike polepole, kama mwezi mzima, si kwa siku moja.

Na mtoto apimwe. Mara ya kwanza akiwa na majuma manne mpaka sita, tena kwenye miezi tisa, na mara ya mwisho kwenye miezi 18, au miezi mitatu baada ya kuacha kunyonya kama aliacha kwa kuchelewa. Wengi wanaondoka baada ya ile karatasi ya kwanza, kwa furaha. Karatasi ya kwanza si ya mwisho.

Neno moja kwa batata. Kuna mama aliyepimwa wakati wa mimba akaonekana mzima, kisha akaambukizwa wakati ananyonyesha. Katika majuma yale ya kwanza virusi vinakuwa vingi sana, na mtoto anaingia hatarini kabla mtu yeyote hajajua. Baba anayekaa miezi kwenye karieri na kurudi nyumbani, akapimwe pamoja na mke wake. Kumlinda mtoto kunaanzia hapo pia.

Kinachomwangusha mama

Nikirudi kwenye ombi letu: kama dawa ndiyo inayomlinda mtoto, basi adui ni kila kitu kinachomfanya mama aikose. Nitataja vinne ninavyovikuta.

Cha kwanza ni nauli. Siku ya dawa imefika, mama hana feza ya pikipiki, mtoto mgongoni, mvua inanyesha. Anasema nitaenda juma lijalo. Juma lijalo linakuwa mwezi.

Cha pili ni kuhama. Sisi watu wa shaba tunafuata jiwe. Leo Kolwezi, kesho Fungurume, kesho kutwa Kakanda. Wengine wanavuka Kasumbalesa kwenda kuona jamaa Zambia na kukaa. Mama anaondoka bila karatasi ya kuhamishwa na bila dawa ya akiba. Kule anakofika wanamuuliza: «Ulianza dawa gani, mwaka gani?» Hana jibu, anaona haya, anarudi nyumbani.

Cha tatu ni midomo. Kuna mama anayeweka pamba ndani ya chupa ya vidonge ili visilie akitembea. Anaificha kwenye mfuko wa unga. Siku wageni wamejaa nyumbani, anashindwa kumeza. Tena nchi yetu ina sheria, namba 08/011 ya tarehe 14 mwezi wa saba 2008, inayomlinda mtu anayeishi na virusi asibaguliwe na siri yake isitolewe. Sheria iko, lakini haiwezi kuingia kwenye kila nyumba. Sisi tunaweza.

Cha nne ni misaada yenyewe. Mwezi wa kwanza wa mwaka 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ndiyo iliyokuwa ikibeba sehemu kubwa ya matunzo ya sida katika Lualaba na Haut-Katanga. Tulijifunza hapo kwamba kitu kilichosimama juu ya mkono mmoja kinaweza kutikisika siku moja. Chama kidogo kama hiki hakiwezi kununua dawa za mkoa mzima. Kinaweza kuhakikisha kwamba dawa iliyopo inamfikia mama.

Ninachoomba tupigie kura

Kwanza, mfuko utoe nauli ya santre kwa kila mama wa chama mwenye mtoto chini ya miaka miwili. Nasema kila mama, si wale wenye virusi tu. Mwingine anaenda kwa chanjo, mwingine kupima kilo, mwingine kuchukua dawa. Mtunza-hazina ataona kadi ya mtoto tu, hatauliza mengine. Namna hiyo hakuna atakayejua nani anaenda kwa ajili gani. Kopo lingemtaja mama, lakini nauli inamficha.

Pili, kabla mwanachama hajahama au kusafiri, aje amwone katibu. Tutamkumbusha kuomba karatasi ya kuhamishwa na kuuliza kama anaweza kupewa dawa za miezi kadhaa. Wengi wetu tulivuka mipaka bila karatasi. Tunajua inavyouma kufika mahali huna ushuhuda wa maisha yako. Tusiwaachie watoto wetu urithi huo.

Tatu, kila mama aliyezaa apewe mama mwenzake mmoja aliyekwisha kupita njia hiyo, atakayemtembelea majuma ya mwanzo, aseme na kambo kwa heshima, na atunze siri. Anayeshindwa kutunza siri asichaguliwe, hata kama ni mtu wa komite. Na mama anayenyonyesha aliye na njaa apewe unga, maharage na mafuta. Kumlisha mama kuna bei ndogo kuliko kumnunulia mtoto makopo 40.

Nne, tuweke akiba ndogo ya maziwa kwa wale watoto wachache niliosema: mama amekufa, au ni mgonjwa sana hawezi kunyonyesha, na muganga ameandika hivyo. Hapo kwanza tutafute kama kuna mama mwingine, aliyepimwa na kuonekana hana virusi, anayeweza kunyonyesha. Akikosekana, tununue makopo, lakini tukianza tusiishie njiani. Feza ya miezi yote iwe imetengwa kabla kopo la kwanza halijafunguliwa. Kumwanzishia mtoto kopo na kumkatia mwezi wa tatu ni vibaya kuliko kutokuanza.

Kwa wafadhili wetu mnaosoma jarida hili, aksanti kwa kila mlichotuma. Naomba msitume makopo ya maziwa, hata yakiwa ya bure, bila kutuuliza. Tangu mwaka 1981 kuna kanuni ya dunia juu ya kuuza na kugawa maziwa ya watoto wachanga, na ilitungwa kwa sababu watoto walikuwa wanakufa katika nchi kama yetu. Mnachoweza kubeba pamoja nasi ni nauli, unga wa bamama, na ile akiba ya yatima. Ni vitu ambavyo havina picha nzuri. Hakuna mtoto anayepigwa picha ameshika nauli ya pikipiki.

Mama Prezidenti, nimemaliza. Wenye maswali ambayo hawawezi kuyauliza mbele ya watu watanipata nje, nitakaa mpaka likelemba iishe. Na wale walioleta ombi la makopo, naomba wawe wa kwanza kwenye ile kamati ya nauli. Walichotaka ni mtoto aishi. Mimi pia nataka hilo.